Anayemngojesha Dereva Anadaiwa Choo

Kiswahili chetu kina haya katika jambo hili. Mtu hatamki. Husema aenda haja, aenda msalani, aenda kujisaidia, na aliyeketi naye humwelewa akatazama pembeni. Haya hiyo ni tabia njema, nami nimelelewa nayo. Lakini huku kwetu Changamwe imegeuka pazia la kufichia dhuluma, na kwa hivyo leo nitatamka, atakayeudhika anisamehe. Madereva wa matrela wanaobeba mizigo ya bandari ya Mombasa wanakojoa ndani ya chupa. Wanachutama baina ya magurudumu ya magari yao, mchana, huku watoto wetu wakipita na mikoba ya shule. Wanaizuia haja kubwa tangu alfajiri mpaka giza liingie wapate kichaka. Na hawayafanyi haya kwa ushenzi. Tumewasimamisha foleni saa nyingi, na mahali pa kwenda haja hatukuwapa.

Nasema tumewasimamisha, maana foleni haiji yenyewe kama mvua. Simama kwenye mzunguko wa Changamwe, ushuke na njia ya Port Reitz, au upite Magongo, au uende na barabara kuu kupitia Mikindani, Kwa Jomvu na Miritini hadi Mazeras. Kila trela unaloliona limeegeshwa kando ya njia, dereva amening'iniza mguu dirishani, linamngoja mtu. Linangoja yadi ipokee kasha tupu. Linangoja geti la bandari liite namba yake. Linangoja karatasi ambayo imekwama kwenye meza ya mtu aliyekwenda kula. Mbele zaidi, Mariakani, linangoja mizani. Foleni ina mwenyewe, na mwenyewe ana ofisi, na ndani ya ofisi yake kuna choo chenye maji na sabuni. Basi neno langu ni moja, na nitalirudia mpaka lichoshe: anayemngojesha dereva ndiye anayemdai subira, na ndiye anayedaiwa choo.

Kaskazi iliyopita, jua likiwa lile la kuchoma kisogo, nilimsindikiza binamu yangu aliyekuwa akifuatilia kasha lake katika yadi moja ya upande huu wa bara. Jina la yadi naliweka. Tuliketi kwenye kivuli cha ukuta pamoja na madereva. Mmoja, kijana mwenye lafudhi ya magharibi, alikuwa hapo tangu kabla ya adhana ya alfajiri, na wakati huo adhuhuri ilikuwa imeshapita. Alinyanyuka, akamwendea askari wa geti, mtu mzima mwenye mvi.

"Shikamoo mzee. Nifungulie choo tafadhali, nimebanwa tangu asubuhi."

"Marahaba, kijana wangu. Kile ni cha wafanyakazi. Nikikufungulia wewe, kazi yangu imekwenda."

Choo chenyewe kilikuwa kikionekana. Mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, kufuli limening'inia, hatua kama 20 kutoka pale tulipoketi. Askari alionyesha kwa kidevu upande wa nyuma ya trela. Kijana alisimama kidogo, akatutazama sisi tuliokuwa tukimtazama, kisha akaenda huko alikoelekezwa. Niligeuza uso. Wakati ule nilijiona nimetenda adabu. Njiani nikirudi nyumbani ndipo iliponichoma: kugeuza uso ndiko kulikoilea hali hii miaka yote. Sote tumegeuza uso, na kufuli limebaki pale.

Simlaumu mzee yule. Alisema kweli, kazi yake ingekwenda. Namlaumu aliyempa amri ile, naye hakuwa juani.

Marehemu baba yangu aliendesha lori la masafa marefu. Akirudi nyumbani jambo lake la kwanza lilikuwa maji. Alikunywa bilauri tatu amesimama, kabla ya kuvua viatu, kabla ya kutujibu salamu. Sisi watoto tulidhani ni kiu ya jua. Nilipokuwa mkubwa ndipo aliponieleza kwamba siku ya safari alikuwa hagusi maji tangu kunapokucha, kwa sababu anayekunywa atahitaji kusimama, na pa kusimama hapakuwapo. Aliishi na mawe ya figo miaka yake ya mwisho. Nilimwona mtu aliyekuwa akibadilisha tairi la lori peke yake akijikunja sakafuni kama mtoto. Daktari alimuuliza kazi yake ni ipi, na alipojibiwa alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuisikia habari hiyo mara nyingi.

Hili halihitaji usomi mkubwa kulieleza. Mwili usiopata maji ya kutosha katika joto hutoa mkojo mzito, na chumvi zilizo ndani yake hushikana zikawa mawe. Mkojo uliozuiwa saa nyingi hukaa kwenye kibofu ukawapa vijidudu nafasi ya kuzaana, na hapo ndipo maambukizi ya njia ya mkojo yanapoanzia. Mwenye kisukari, ambaye hubanwa kila saa, ana mateso maradufu. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba naye vivyo hivyo. Na ndani ya kichwa cha trela, mwezi wa Februari, injini imezimwa ili kubana dizeli, joto linapita lile la nje. Kisha mtu huyu aliyekauka, aliyebanwa, ambaye akili yake yote imeteremka tumboni, tunamkabidhi tangi la petroli na kumwambia alipitishe Changamwe na Jomvu katikati ya matatu, tuktuk na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Anayedhani choo cha dereva ni shauri la dereva peke yake na afikirie tangi lile.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wapo wanaosema haya ni mambo ya hisani. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Ibara ya 28 inampa heshima yake ya utu. Jedwali la Nne limeweka huduma za maji na usafi mikononi mwa kaunti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai vyoo vya kutosha mahali pa kazi. Wenye yadi huikimbilia sheria hii na kusema: dereva si mwajiriwa wangu, mwajiri wake yuko Nairobi, yuko Kampala, akamdai huko. Nao wanajua wanachokificha. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye eneo la kazi alinde usalama, afya na hali njema ya watu wote wanaofanya kazi katika eneo lake. Wote. Dereva anayefungua kufuli za kasha ndani ya yadi yako, anayesogeza gari kwa ishara ya mkono wa mtu wako, anayetia sahihi kitabu chako, anafanya nini kama si kazi? Au amekuja kutalii?

Sheria ya Trafiki nayo inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Tumehesabu saa za usukani. Saa za kungoja hazina mwenye kuzihesabu, ilhali ndizo zinazomkausha na kumbana.

Jambo linaloniumiza zaidi ya yote ni hili. Tangu 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya kupita. Kasha hufungwa lakiri ya elektroniki. Gari likiacha njia iliyopangwa, likisimama mahali pasipofaa, lakiri ikiguswa, king'ora hulia kwenye ofisi, na kikosi hutumwa. Ni kazi ya maana, imepunguza wizi na magendo, sina ugomvi nayo. Lakini fikirini: dola tatu zinajua kwa setilaiti dereva amesimama wapi na kwa dakika ngapi, na hakuna hata moja inayojua anakwenda haja wapi. Tumemnyima ruhusa ya kuacha njia, kisha tukamlaumu kwa kujisaidia njiani. Kasha la viatu lina ulinzi mkubwa kuliko mwili wa aliyelibeba.

Na hata yule ambaye hana lakiri hawezi kuliacha gari lake ovyo. Akienda kutafuta choo nusu saa atakuta dizeli imenyonywa, betri imeng'olewa, turubali limechanwa. Mwenye gari atamkata mshahara. Utingo wake ndiye anayebaki akilinda, na utingo naye ana tumbo. Ndiyo maana wale wanaotuambia "si waende kwenye vituo vya petroli" wanasema maneno ya mtu ambaye hajapata kukaa foleni. Vituo vipo, na vingine vina vyoo. Lakini trela lenye kasha la futi 40 haliingii kila kituo, na foleni haikungoji: ukitoka, aliye nyuma yako anaingia, nawe unarudi mkiani. Hesabu aliyonayo dereva ni hiyo. Apoteze zamu, apoteze dizeli, au afungue chupa. Wewe ungefanya lipi?

Nimesikia pia hoja ya uchafu. Kwamba madereva hawa ukiwapa choo watakiharibu, watakiziba kwa mawe, watachora kutani. Hoja hii ina ukweli kidogo, na mimi siukatai: choo cha umma kisicho na mtu wa kukiosha huoza ndani ya wiki moja, kiwe cha madereva, cha wanafunzi au cha wabunge. Dawa yake ni kuajiri mwoshaji na kumpa maji. Pale mjini tuna vyoo vya kulipia, mtu hutoa shilingi zake chache akapata maji na karatasi, na mwenye kukisimamia analisha watoto. Dereva hakatai kulipa. Muulizeni. Kwa leo anatoa pesa zaidi ya hizo kumbembeleza askari ampe funguo.

Hoja ya maji ndiyo nzito, na hapo nawaonea huruma hata wenye yadi. Mifereji ya Changamwe hukauka siku kadhaa, na watu hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Chooni hapakai bila maji. Lakini yadi inayoweza kununua maji ya kuoshea makasha na ya kuchemshia chai ya meneja inaweza kununua ya kutawazia mtu.

Nimelitaja neno kutawaza kwa makusudi. Huku pwani choo kina maana kubwa kuliko kutua haja. Kina stara na kina tahara. Madrasani tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma kwamba Mtume alikataza kujisaidia njiani wapitapo watu, kivulini wanapopumzika, na kwenye maji wanayoyatumia. Sasa mtazameni dereva Mwislamu katika foleni ya Miritini. Njia ndiyo aliyo nayo. Kivuli pekee ni cha gari lake na cha mwarobaini wanapopumzika wauza kahawa. Bondeni maji yanateremkia kwenye hori. Tumemweka mahali ambapo hana budi kuyatenda yale yote aliyokatazwa, kisha adhana inapigwa, naye amekaa na nguo yenye matone, hawezi kusimama kwenye safu na wenzake. Bahati njema misikiti mingi ya barabara hii humfungulia mlango wa udhu yeyote anayeuhitaji, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Mola awalipe. Lakini msikiti hauchukui ushuru wa bandari, na si haki mzigo huu kuuangukia.

Na wapo wanawake wanaoendesha matrela haya, wachache, wanaongezeka. Chupa haiwafai. Kuchutama nyuma ya gurudumu mbele ya wanaume 50 hawawezi. Akiwa katika siku zake atafanyaje? Anangoja giza, na giza la kando ya barabara lina hatari ambayo sihitaji kuieleza kwa msomaji mwenye binti. Tunahimiza wasichana waingie kazi hii, tunawapiga picha wakishika usukani, halafu tunawapa foleni bila mlango wa kufunga.

Hatukuwa hivi. Nendeni Gede, mwendo wa saa mbili tu kaskazini mwetu, mkayatazame magofu. Tangu James Kirkman alipoanza kufukua pale mwaka 1948, wataalamu wameonyesha nyumba za mawe zenye vyoo vya ndani, vilivyojengwa na watu wa pwani hii zaidi ya miaka 500 iliyopita, na mahali pa kujisafishia pakiwa pamefikiriwa pamoja na choo chenyewe. Wachangamwe na Wajomvu, ambao maeneo haya yanaitwa kwa majina yao, ni miongoni mwa Thenashara Taifa, watu wa miji na si wa vichakani. Mgeni aliyefika kwao alionyeshwa kwanza maji na msala. Leo mgeni wa Changamwe anatoka Kigali, Juba au Kampala, zaidi ya kilomita 1,100, amepita Malaba na mizani zote, na anapofika kwetu tunamwonyesha gurudumu.

Fedha zipo? Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za mizigo na makasha zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha kasha la futi 20. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Sehemu kubwa ya shehena hiyo ilitoka getini kwa magurudumu ya malori. Kila kasha lilitozwa ada ya kushushwa, ya kuhifadhiwa, ya kukaguliwa, na likichelewa likatozwa ya kuchelewa. Kuchelewa kwa kasha kuna bei, tena kwa dola. Kuchelewa kwa mtu hakuna hata bei ya ndoo ya maji.

Nakumbuka 2019, serikali ilipoamuru makasha yapande reli ya kisasa hadi bara, jinsi mji huu ulivyosimama. Watu waliandamana wiki baada ya wiki, yadi zilifunga milango, madereva walipoteza kazi, wanasiasa walipanda juu ya magari na vipaza sauti. Mnamo Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Tulishangilia, nami nilishangilia. Malori yakarudi. Katika vipaza sauti vyote vile vilivyomtaja dereva kama ndugu yetu, kama shujaa wa uchumi wetu, sikusikia kimoja kikitaja atakwenda wapi akibanwa. Hata 2020, madereva walipofanywa wabeba korona na foleni ya Malaba kurefuka kilomita kwa kilomita, tuliwachokora pua wote. Sampuli zao tulizitaka sana. Wao wenyewe hatukuwataka.

Tena tuliwaiga Wajapani nusu nusu. Kituo cha pili cha makasha pale Kipevu tulikijenga kwa mkopo wao. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini kuvuka Mwache na Mteza hadi upande wa Likoni na Kwale, mkopo wao pia umo. Kwao Japani tangu 1993 wana vituo vya kando ya barabara ambavyo sharti lavyo la kuitwa vituo ni maegesho na vyoo vya bure saa 24, usiku na mchana, na sasa vimezidi 1,000. Chooni ndipo wanapoanzia. Duka la samaki na mboga za wakulima wa hapo huja baadaye. Mpango wa kuwa na vituo vya namna hiyo katika Ushoroba wa Kaskazini umezungumzwa kwa miaka mingi, na mamlaka inayouratibu ushoroba huo ina makao yake hapahapa Mombasa. Lami tuliikopa. Gati tulilikopa. Choo, ambacho kingetugharimu punje ya hizo fedha, tulikiacha kwenye makabrasha.

Na yule anayesema nadai mambo ya Ulaya na Marekani, ajue kwamba huko nako walikuwa na chupa kando ya barabara kama zetu. Jimbo la Washington, lenye bandari za Seattle na Tacoma, lilipitisha sheria mwaka 2022 kuwalazimisha wenye vituo vya makasha kuwapa choo madereva wanaokuja kuchukua na kuleta mizigo. Uingereza, mwaka 2017, mamlaka ya usalama kazini iliweka wazi kwamba mwenye ghala hana ruhusa ya kumnyima choo dereva aliyemletea mzigo, eti kwa kuwa si mwajiriwa wake. Walifika mahali hapohapo tulipo sisi, wakakutana na kisingizio hichohicho, wakakifuta.

Sisi tunaokaa nje ya kisiwa cha Mombasa, kandokando ya njia hizi za malori, tunahusika pia, wala si kwa huruma peke yake. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni haina mabomba ya maji taka. Watu wana vyoo vya shimo na visima, wakati mwingine kiwanja kimoja. Malori ya saruji, ya mchanga, ya kokoto na ya taka za Mwakirunge yanapita humo kila siku na madereva wao nao wana haja zao. Mvua ya masika ikinyesha Jomvu, kilichoachwa kando ya barabara kinateremka kwenye hori la Tudor na la Port Reitz, kwenye mikoko, kwenye maji anamosimama mvuvi. Kipindupindu kilipozuka tena nchini Oktoba 2022 hakikuuliza nani ni dereva na nani ni mwenyeji. Mama anayeuza mahamri na maharagwe ya nazi kwenye foleni ile anauza hatua chache kutoka kwenye chupa zile. Nimemwona akizisukuma kwa fimbo asubuhi kabla ya kutandika meza yake.

Kwa hivyo ninadai, na ninadai kwa majina ya kazi zao. Kaunti ya Mombasa isitoe wala kuhuisha leseni ya yadi yoyote ya makasha, ghala au egesho la malori Changamwe, Jomvu, Kisauni na Likoni kabla ya afisa wa afya kwenda kuona kwa macho choo cha madereva na utingo, cha wanaume na cha wanawake, chenye maji, kilicho wazi saa zote ambazo geti linapokea magari. Mamlaka ya Bandari iandike sharti hilo katika mikataba yake na wenye yadi, na iweke vyoo kwenye kila mahali inapoyapanga magari kungoja wito, kwa ada hizohizo inazokusanya. Mamlaka ya barabara kuu isitangaze tena kipande cha barabara kuwa kimekamilika ilhali kina taa, kina alama, kina vizuizi vya chuma, na hakina mahali pa trela kusimama na mtu kujisitiri. Bunge liandike kwa herufi zisizo na mwanya kwamba mwenye eneo anawajibika kwa dereva aliyemwita. Na hadi hayo yatakapofanyika, askari wa kaunti waache kuwakamata madereva kwa kujisaidia ovyo. Unamtoza mtu faini kwa kosa ambalo wewe ndiwe uliyemnyima njia ya kuliepuka? Hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma.

Msiniambie haiwezekani. Kibarani palikuwa jaa la taka lililofuka moshi miaka na miaka, lango la mji wetu likinuka, na tuliambiwa halihamishiki. Lilihamishwa. Ikapandwa miti, na leo ukivuka daraja la Makupa unavuta hewa ya bahari. Tulipoona aibu ya wageni wanaopita kwa magari madogo, tuliweza. Aibu ya wanaopita kwa magari makubwa haijatufika bado, na wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Haya yote ya leseni, mikataba na Bunge yatachukua muda, nami najua jinsi ofisi zetu zinavyokwenda. Lipo moja lisilohitaji mkutano. Wewe mwenye yadi unayelisoma gazeti hili asubuhi na kikombe chako mkononi, choo unacho. Kiko nyuma ya ofisi, mlango umefungwa, na funguo iko kwa mzee wa getini anayeogopa kufukuzwa kazi. Mpigie simu sasa hivi. Mwambie alitoe lile kufuli, na asilirudishe.